Maua ya Kitulo, Maji ya Rufiji
Kupanda kilima kilichofunikwa na vichaka vya maua ya zambarau, matembezi yanayopendwa sana Uskoti, huonekana jambo geni Bungu, wilayani Kibiti, kwenye ardhi ya chini yenye minazi na mikorosho. Lakini ndugu wa mmea huo, yaani Erica, kichaka chenye majani membamba kama sindano, humea pia katika milima ya Nyanda za Juu Kusini. Huko ndiko uliko uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambao kati ya Novemba na Aprili hufurika okidi, maua ya porini yenye uzuri usio na mfano nchini, na ambao udongo wake hunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo, ikaulisha mto Ruaha Mkuu, nao ukaingia Rufiji, mto unaootesha mpunga na mikoko ya delta, yaani mahali unapogawanyika katika matawi mengi kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo moto wa kiholela na uchimbaji wa viazi vya okidi huko juu, vinavyoharibu udongo huo unaohifadhi maji, ni hasara ya bondeni pia. Kwa kuwa maji ya Kitulo hufika hadi bondeni kwao, shule za Kibiti zinazopanga safari za mafunzo ziipe Kitulo nafasi ya kwanza.