Muziki Kazini, Nani Auchague?

Siku hizi huingii ofisini wala dukani ila redio inanong'ona nyimbo laini. Jambo hili si geni. Mwaka 1940, vita vimepamba moto, BBC ilianza kuwapigia muziki wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri, ili mikono isilegee. Ikaendelea hadi 1967.

Wazee wetu nao walivuta jahazi kwa wimbo, wakatwanga kwa wimbo. Lakini wimbo ule ulitoka kinywani mwa mwenye kuvuta, akichoka, hunyamaza. Huu wa leo huchaguliwa na tajiri, na karani anayejumlisha hesabu hana ruhusa hata ya kuipunguza sauti.

Nasi twasema: tajiri, waulize watu wako. Wakitaka kimya, zima.