Kitale na Bungoma: Kwa nini pesa za kaunti hufika baada ya maafa?

Msomaji wa Pwani huenda akauliza Kitale na Bungoma zinamhusu nini. Jibu limo kwenye sufuria yake ya sima. Kaunti ya Trans Nzoia, yenye makao yake makuu Kitale, na jirani yake Bungoma ni miongoni mwa kaunti zinazotulisha mahindi. Mavuno yakiharibika kule, bei ya unga tunaisikia hadi Likoni.

Kaunti hizo mbili zinakaa ubavuni mwa Mlima Elgon, na mlima huo una historia. Upande wa Uganda, maporomoko ya Bududa ya Machi 2010 yalifukia vijiji na kupoteza mamia ya watu. Novemba 2019 ardhi iliporomoka Pokot Magharibi, kaunti inayopakana na Trans Nzoia, na zaidi ya watu 40 wakafa. Mvua kubwa ikinyesha kwenye miteremko iliyokatwa miti, kila mkaazi wa kule anajua kinachoweza kutokea. Je, bajeti nayo inajua?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya zima moto na kukabiliana na majanga. Serikali kuu nayo imepewa kazi hiyo hiyo ya majanga, na ndiyo maana maafa yakitokea kila upande hunyoosha kidole kwa mwenzake.

Kwa upande wa fedha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kwa mwaka, hazina hiyo haiwezi kutoa zaidi ya asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Lakini kuna sharti: pesa hizo ni za jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Kwa hivyo hazina hii hununua mablanketi, mahema na unga wa msaada. Haichimbi mitaro, haipandi miti wala haijengi matuta. Ni pesa ya kuwazika watu, si ya kuwaokoa.

Pesa za kinga lazima zitoke kwenye bajeti ya kawaida ya maendeleo, na hapo zinashindana na barabara, zahanati na vyumba vya chekechea. Mwakilishi wadi akikata utepe wa barabara anapigiwa makofi. Nani atampigia makofi kwa maporomoko ambayo hayakutokea?

Kilichobadilisha mambo kidogo ni mpango wa FLLoCA, ulioanza 2021 kwa fedha za serikali kuu, Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kaunti inayotaka ruzuku ya miradi hutakiwa kwanza kuwa na sheria ya hazina ya mabadiliko ya tabianchi, kamati za wadi, na kutenga angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo. Kaunti yenye bajeti ya maendeleo ya Sh3 bilioni hutenga Sh45 milioni. Si nyingi, lakini hutengwa kabla mvua haijanyesha. Funzo ni kwamba magavana hawakushawishika kwa hotuba za semina. Walishawishika kwa sababu asiyetoa chake hapati cha mwenzake. Mpango huo ni wa miaka mitano tu. Wafadhili wakiondoka, ile asilimia 1.5 itabaki?

Tatizo jingine ni kalenda. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, wakati masika yamepamba moto. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kisha mgao kutoka Nairobi huchelewa, kisha zabuni. Mtaro uliopangwa kuzuia mafuriko ya mwaka huu unachimbwa mwaka ujao, ukichimbwa.

Na wale wanaoishi mtelemkoni? Kuwaambia wahame ni rahisi. Lakini Mlima Elgon, upande wa Bungoma, ndiko kwenye mgogoro wa mashamba ya Chepyuk, uliochangia umwagaji damu wa 2006 hadi 2008. Mtu aliyepata shamba kwa tabu hiyo hataliacha kwa tangazo la redio. Hapo kaunti peke yake haiwezi.

Sisi wa Pwani tuna afadhali kidogo. Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta zimo katika kaunti 23 zinazohudumiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, ambayo hutoa taarifa za tahadhari kila mwezi. Trans Nzoia na Bungoma hazimo, kwa sababu zinahesabiwa kuwa za neema. Lakini mamlaka hiyo ni ya ukame. Maji yanapotujia kutoka milimani na kuzamisha vijiji vya Tana River, tunajikuta mahali pale pale walipo wenzetu wa Budalang'i, ambao huzamishwa na Mto Nzoia unaoanzia Elgon na Cherangani.

Kwa hivyo kaunti zikiitisha vikao vya maoni ya umma, iwe Kitale, Bungoma au Hola, tusiende kwa ajili ya nauli na soda. Tuulize mambo mawili: ni shilingi ngapi zimetengwa kabla ya mvua, na zitatoka mwezi gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kule Elgon ukuta wenyewe ni mlima.