Pilipili ya Buha Isiishie Uani

Pilipili kichaa haihitaji kubembelezwa. Ndege huimeza bila kuusikia ukali wake, hudondosha mbegu mbali, na mche huota wenyewe kando ya migomba. Labda ndiyo maana sisi wa Buha, huku Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, tunaichukulia kama kitu cha bure: chache za kutia kwenye maharage, nyingine za kuponda na chumvi kuteremshia ugali wa muhogo, zilizobaki zikaukie mtini. Huko ni kutupa mali. Tazama jirani zetu wa Rwanda, wenye vilima kama vyetu. Mjasiriamali Sina Gérard wa Nyirangarama alichukua pilipili na mafuta ya kula akatengeneza Akabanga, kichupa kidogo cha kudondoshea ambacho leo kinajulikana mbali na kwao. Thamani yake imeongezwa na usindikaji, si ukubwa wa shamba. Sisi walaji tunao hata kabla ya kuvuka mpaka: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imehifadhi Wakongomani tangu 1996, na hao ni watu ambao mboga isiyo na pilipili huiona pungufu, na mgawo wao wa unga, kunde, mafuta na chumvi hauna pilipili ndani yake.

Wapo wanaosema pilipili huleta vidonda vya tumbo, hivyo kuihimiza ni kuumiza watu. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini chanzo chake kimekosewa. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria ndio wasababishi wakuu wa vidonda hivyo. Dawa za maumivu nazo huchangia. Mwenye kidonda tayari anaweza kuchomwa na pilipili, na huyo aiache, ila asiifanye kuwa mshtakiwa. Pingamizi zito zaidi ni la bei. Mkulima aliyekwisha kuumizwa na soko la mazao mengine ana haki ya kusita, nami simshauri ang'oe mahindi. Lakini pilipili mbichi huoza haraka, na mwenye nayo huuza kwa bei yoyote anayotajiwa. Iliyokauka vizuri humpa nafasi ya kungoja. Hiyo "vizuri" ndiyo kazi yenyewe. Ikianikwa chini huota ukungu kwa urahisi, na baadhi ya ukungu huzaa sumukuvu, ambayo mnunuzi makini hawezi kuipokea. Vichanja vya miti na wavu, turubai la kufunika mvua inapokuja, mashine ya kusaga na chupa safi: mahitaji ya kikundi cha akina mama ni hayo.

Halmashauri zetu zina asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo kufundisha usindikaji. Madiwani wa Kibondo na Kasulu, vikundi vya pilipili viwekwe kwenye orodha ya mikopo ya msimu huu.