Wenye maduka wa Islii, mnaowaita mabroka ndio wanaowauzia

Shuka matatu ya namba 6 au 9 pale First Avenue saa nne asubuhi na utawaona kabla hujafika hata mlango wa duka la kwanza. Simu mkononi. Huyu anapiga picha viatu, yule anarekodi abaya ikining'inia, mwingine anabishana na mwenye duka kuhusu bei ya mwisho. Hawana duka, hawana stoo, wengi hawana hata meza. Walicho nacho ni statasi ya WhatsApp, akaunti ya TikTok na watu kadhaa huko Rongai, Kitengela, Thika na Nakuru wanaowaamini. Mteja akishatuma pesa, wanachukua mzigo, wanaufunga na kumpa mtu wa bodaboda au kuupeleka stegi ya matatu za mbali. Riziki yao ni ile mia mbili au mia tatu waliyoongeza juu, ama kamisheni waliyoahidiwa dukani.

Kazi hii si ngeni duniani. Amazon walianza mpango wao mwaka wa 1996: unaweka linki ya bidhaa kwenye tovuti yako, mtu akinunua kupitia hapo unapata fungu lako. Hapa kwetu Jumia walileta JForce, ambapo wakala anamwagizia jirani bidhaa kisha analipwa kamisheni. Tofauti ni kwamba Islii hakuna linki. Linki ni mdomo. “Ukifika dukani mwambie umetumwa na mimi.” Hapo ndipo vita vinapoanzia.

Najua kwa sababu yamenikuta. Kuna duka la mashuka, silitaji jina, ambalo mwenyewe aliniahidi hivi: “Kijana, kila seti utakayoniuzia, mia tatu ni yako.” Bei ilikuwa 2,500. Nilipiga picha, nikaweka statasi, nikajibu maswali usiku wa manane kuhusu rangi na kama zinachuja zikifuliwa. Mama mmoja wa Thika mwenye gesti akanunua seti mbili za kujaribu. Nikalipwa 600 zangu, nikafurahi. Wiki tatu baadaye akanitumia ujumbe wa shukrani, akisema zile seti 12 zimefika salama. Seti 12? Mimi sikutuma seti 12. Kumbe namba ya duka ilikuwa imechapwa kwenye mfuko wa mzigo wa kwanza, akaipiga mwenyewe, na mwenye duka akamfanyia 2,300 kila seti. Nilipoenda kuuliza, niliambiwa kwa upole kabisa, chai mezani: “Lakini huyo si wako. Amenipigia yeye mwenyewe.”

Hesabu ni rahisi: 3,600 zangu zilipotea. Mama wa Thika sina neno naye, nani hapendi bei ya chini? Ila mwenye duka alipoteza zaidi yangu, kwa sababu siku hiyo nilifuta picha zake zote na sijamletea mtu tena.

Kinachoniuma ni kwamba mtaa huu umejengwa juu ya uaminifu wa mdomo. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni kabla ya wakimbizi Wasomali, miaka ya tisini mwanzoni, kuanza kuuzia bidhaa vyumbani na kuigeuza soko. Wengi hawakuwa na akaunti ya benki wala dhamana. Pesa zilisafiri kwa hawala, mtu akipokea Nairobi kilichowekwa mikononi mwa mwenzake mji mwingine kabisa. Akina mama walichanga kwa ayuuto, kila mmoja akisubiri zamu yake bila wakili wala mkataba. Mpaka leo mwenye duka anaweza kuchukua mzigo wa jirani ghorofa ya chini, auze, alipe jioni. Neno linatosha. Sasa mbona neno likitoka kwa kijana wa TikTok halihesabiwi?

Wenye maduka wana majibu yao, na tusijifanye hatuyasikii. Kuna wasee wanaokula deposit ya mteja na kuzima simu, kisha mteja anakuja kufoka dukani. Kuna wanaopandisha bei maradufu mpaka duka linaonekana la wezi. Kodi za duka ziko juu, na kabla ya kodi kuna ile hela ya kuingilia wanayoita gudwili. Kwenye bei ya jumla faida ya kila kipande ni nyembamba, kwa hiyo mia tatu si kitu cha kutupa. Nakubali yote hayo. Lakini dawa ya wakala mwongo ni kumjua wakala wako. Mwandike jina, chukua nakala ya kitambulisho, mpe bei ambayo haruhusiwi kuivuka. Ukimkataa waziwazi, sawa pia. Kisichofaa ni kumtumia halafu ukamruka.

Kitu cha kwanza ninachotaka ni alama. Till ya M-Pesa haina mahali pa kuandika akaunti, lakini Paybill inayo. Mwenye duka mwenye Paybill anaweza kumpa kila wakala herufi tatu zake, mteja akaziandika pale kwenye namba ya akaunti, na mwisho wa wiki taarifa ya malipo inasema nani ameleta nini. Hakuna programu ya kununua, hakuna mtaalamu wa kompyuta. Ukiona Paybill ni shughuli, daftari la shilingi hamsini litafanya kazi hiyo hiyo: jina la mteja, namba zake tatu za mwisho, nani kamleta. Akirudi ndani ya miezi mitatu, hata akipiga simu mwenyewe, wakala apate kitu. Si lazima kiwe mia tatu tena. Hata mia inasema nimekukumbuka.

Halafu bei. Mteja aliyetumwa akifika dukani asipewe bei ya chini kuliko ile wakala aliyomtajia. Hili ndilo linalovunja urafiki kuliko hata kamisheni, kwa sababu mteja anatoka pale akiamini wewe ndiye uliyekuwa unamuibia. Ukitaka kupunguza, mwambie wakala kwanza, apunguze yeye.

Na mzigo ukiisha, semeni! Unakuta mtu ameposti viatu Jumatatu, watu tisa wametuma pesa Jumatano, anafika dukani anaambiwa saizi 38 na 39 ziliisha tangu jana. Anarudisha pesa za watu, nauli na gharama za kutuma ni zake, na aibu ni yake. Kikundi kimoja cha WhatsApp cha mawakala wa duka, picha ya kilichobaki kila asubuhi, ingemaliza hiyo stori. Vilevile mzigo ukitoka na kasoro, zipu mbovu au rangi tofauti, ubadilishwe bila kesi, na duka lichangie nauli ya bodaboda. Siyo wakala aliyeshona.

Malipo nayo yawe na siku. “Pitia kesho” si siku. Ijumaa ni siku, ingawa baada ya swala ya Ijumaa, tafadhali, kwa sababu kabla ya hapo hakuna mtu dukani.

Cha kushangaza, hata serikali imetangulia. Sheria ya Fedha ya 2023 iliitaja kamisheni ya kutangazia watu bidhaa mtandaoni na kuiwekea kodi ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, baada ya pendekezo la asilimia 15 kupigiwa kelele. Mahakama ya Rufaa iliifuta sheria hiyo Julai 2024, Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba mwaka huo huo. Yaani KRA inamtambua huyu kijana kama mtu mwenye kipato. Mwenye duka anayemwona kila asubuhi bado anamwita broka, kwa ile sauti.

Nanyi wasee wenzangu, msianze kazi kwa duka lolote kabla ya kuuliza mambo mawili: mteja akirudi ni wa nani, na nalipwa siku gani. Akicheka tu bila kujibu, vuka barabara. Islii haijawahi kukosa duka la pili linalouza kitu kile kile.

Mama wa Thika bado tunaongea. Mwezi uliopita alinipigia kuniuliza kama pazia za lile duka ni nzuri, maana anapamba vyumba vyote vya gesti. Nilimwambia sijui.