Jina Moja, Nguvu Mbalimbali

Shule ya sekondari inapopata fedha za kununua kompyuta, mjadala hauchelewi kuanza. Wapo wanaotaka kompyuta za mezani, na wapo wanaotaka za mpakato. Aghalabu mjadala huo humalizwa na kibandiko kilicho juu ya mashine. Iwapo zote mbili zimeandikwa "i7", hudhaniwa kwamba uwezo wao ni sawa, na ile inayobebeka kwa urahisi ndiyo hushinda. Dhana hiyo si sahihi, na yaweza kuigharimu shule fedha ambazo hazitarudi.

Prosesa, yaani kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta, haipimwi kwa jina lake. Uchukuliwe mfano wa prosesa tatu za kampuni ya Intel zilizotangazwa mwaka 2023. Core i7-13700 ni ya kompyuta za mezani. Ina viini 16 vya kufanyia kazi, na imekadiriwa kutumia wati 65 kwa kawaida na hadi wati 219 inapojikaza. Core i7-13700H hutiwa katika mpakato kubwa; ina viini 14, na makadirio yake ni wati 45 na 115. Core i7-1355U ni ya mpakato nyembamba. Ina viini 10, ambavyo 2 tu kati yake ndivyo vyenye nguvu kubwa, na makadirio yake ni wati 15 na 55. Hata hivyo, mapigo ya juu kabisa ya prosesa hizo yanakaribiana mno: bilioni 5.2 kwa sekunde kwa ile ya kwanza, na bilioni 5 kwa hizo mbili nyingine. Anayetazama mapigo peke yake hataona tofauti. Anayetazama wati ataiona mara moja.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kifizikia. Transista zinapowaka na kuzimika, nguvu zitumiazo hulingana na uwezo wa saketi kuhifadhi chaji, ukizidishwa kwa kipeo cha pili cha volteji, kisha kwa idadi ya mapigo katika sekunde. Mapigo yakiongezwa sana, volteji nayo hapana budi ipandishwe. Kinyume chake ndicho chenye manufaa kwa mpakato. Mapigo yakipunguzwa kwa asilimia 20, na volteji ikaweza kupunguzwa kwa kiasi hicho hicho, nguvu itumikayo itakuwa 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.512 ya ile ya awali. Kasi imepungua kwa moja ya tano, lakini umeme umepungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana prosesa ya mezani itumiayo umeme maradufu haifanyi kazi maradufu.

Ila kila wati inayoingia katika prosesa hugeuka kuwa joto, nalo lazima liondolewe. Ndani ya kompyuta ya mezani mna nafasi ya kipande kizito cha chuma chenye mapezi na feni kubwa. Ndani ya mpakato nyembamba nafasi hiyo haimo. Prosesa yake hukimbia kwa kasi kubwa kwa muda mfupi, kisha hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kampuni ya Apple ilitoa ushahidi mzuri bila kukusudia mwaka 2020, ilipoitia prosesa yake ya M1 katika MacBook Air, mpakato isiyo na feni, na pia katika Mac mini, kompyuta ya mezani yenye feni. Katika kazi fupi mashine hizo huenda sambamba. Katika kazi ndefu ile isiyo na feni hubaki nyuma.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wahandisi, kwani shule huchapa barua na kujumlisha alama tu. Hoja hiyo ina ukweli. Kazi za namna hiyo ni fupi fupi, na mpakato ya kawaida huzimudu. Tena, ikichukuliwa kwamba mpakato 20 hutumia wati 30 kila moja kwa saa 6, zitamaliza yuniti 3.6 za umeme. Kompyuta 20 za mezani pamoja na vioo vyake, kwa wati 120 kila moja, zitamaliza yuniti 14.4. Kwa shule inayotegemea umeme wa jua, au ambako umeme hukatika mara kwa mara, hesabu hiyo yatosha kukata shauri. Lakini shule yenye umeme wa uhakika, inayotaka kuhariri filamu au kuendesha programu ndefu, itafaidika zaidi na kompyuta za mezani, ambazo pia ni rahisi kubadilishiwa kipuri kilichoharibika.

Uamuzi wenyewe waweza kufanywa somo. Wanafunzi waandike programu ya kutafuta namba tasa, waendeshe nakala kadhaa kwa pamoja ili viini vyote vishughulike, na wairudie kwa dakika 30 huku wakiandika muda wa kila mzunguko. Kisha wachore grafu, kwanza mashine ikiwa kwenye umeme, halafu ikiwa kwenye betri. Mstari utakapoanza kupanda, watakuwa wameliona joto likifanya kazi yake.

Shule inayowafundisha vijana kutoamini jambo bila kulipima haifai kununua mashine kwa kusoma kibandiko. Kabla ya fedha kutoka, muuzaji aulizwe maswali mawili: prosesa hii hutumia wati ngapi, na baada ya nusu saa ya kazi nzito hubakiwa na kasi gani? Asiyeweza kujibu akubali mashine yake ijaribiwe.