Wavu wa pikoboli: agizo liende kwa fundi wa mtaani

Pikoboli bado si mchezo wa Lubumbashi. Huu ni mji wa TP Mazembe, mabingwa wa Afrika mara tano, na mtoto wa Katuba au Kampemba akipata nafasi ya wazi huweka mawe mawili chini, goli limekwisha. Mchezo wa wavu hauna urahisi huo. Mwalimu wa michezo au kikundi cha vijana wa parokia kikitaka kuujaribu huu mchezo wa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu, swali la kwanza linakuwa la fedha: wavu upi, na kutoka wapi?

Jibu langu ni kwamba wavu wa kwanza usiagizwe ng'ambo. Utengenezwe hapa, na fundi wa kuchomelea chuma ambaye duka lake mnaweza kulifikia kwa miguu. Sisemi hivyo kwa uzalendo. Nawaza siku kiungo kimoja kitakapovunjika.

Tukubaliane kwanza kwamba lazima uwe wavu wa kuhamishwa. Mpira wa pikoboli haudundi vizuri kwenye udongo, kwa hiyo unahitaji saruji, na saruji ya wazi katika mji wetu ni viwanja vya mpira wa kikapu vya shule na parokia, pamoja na baadhi ya nyua za shule. Uwanja wa pikoboli una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, sawasawa na ule wa badmintoni. Ndani ya uwanja wa kikapu wa mita 28 kwa 15 unaingia mmoja kwa raha, na wachezaji wanabaki na nafasi ya kurudi nyuma. Lakini wenye kikapu watataka uwanja wao jioni, na wana haki. Ukichimbia nguzo hapo umeanzisha ugomvi. Wavu unaosimama wenyewe na kuondoka dakika kumi baada ya mchezo hauna adui.

Wavu wa namna hiyo unaoagizwa nje huja kwenye mfuko, na mwingi ni mwepesi hata mtu mmoja anaubeba. Kwa uzito, hakuna fundi wetu atakayeushinda. Shida iko kwenye viungo. Aina za bei nafuu huunganishwa kwa vipande vya plastiki na vitufe vya chemchemi. Kimoja kikipasuka, wavu wote unalala stoo mpaka kipuri kipatikane, na kipuri hicho hakiuzwi soko la Kenya wala la Mzee. Itabidi kuagiza tena na kulipa tena njiani hadi Kasumbalesa, kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole. Wale wenye magurudumu ni imara zaidi, lakini magurudumu yanataka sakafu laini kutoka stoo hadi uwanjani. Kwenye nyua zetu zenye mitaro na kokoto, utaubeba huo wavu mzito pamoja na magurudumu yake.

Kipimo ndicho kitakachoamua kama mnacheza pikoboli au kitu kingine. Wavu huwa na kimo cha sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Tofauti ya sentimita tano inaonekana ndogo hadi uone wavu uliolegea ukashuka hadi 75: kila mpira unapita, hakuna anayejifunza kuuinua kwa mkono laini, na mchezo unageuka kupigana mipira. Kinachoulegeza wavu mara nyingi si kamba. Ni nguzo zinazoinama kwa ndani kamba inapokazwa. Kwa hiyo mwambie fundi aziunganishe nguzo mbili kwa bomba linalopita chini, na katikati ya bomba hilo asimamishe mguu wenye kimo cha sentimita 86 hasa, wa kushikilia wavu usishuke. Kanuni za mchezo zinautambua wavu wenye bomba la chini na mguu wa kati, hivyo si uchakachuaji.

Kati ya nguzo na nguzo ni mita 6.7. Bomba zima la urefu huo halipandi taksi. Likikatwa vipande vitano vinavyoingiliana, kila kimoja kinakuwa na mita moja na theluthi hivi, ukiacha ile sehemu ya kuingiliana, na mzigo wote unafungwa nyuma ya pikipiki. Viungo viwe vya chuma, vifungwe kwa bolti za kawaida, zile ambazo kila duka la vifaa vya ujenzi linazo. Miguu ya nguzo iwe mirefu mbele na nyuma, maana upepo wa Agosti hauna huruma, na mifuko miwili ya mchanga juu ya miguu hiyo inasaidia kuliko uzito wa chuma chenyewe. Rangi ya kuzuia kutu ni lazima. Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba na hazina haraka ya kuondoka.

Wavu wenyewe? Mpira una kipenyo cha zaidi ya sentimita saba, kwa hiyo nyavu za uzi mnene za wavuvi wa Kasenga, kwenye Luapula, zinauzuia bila tabu mradi matundu yawe chini ya sentimita tano. Zile za uzi mwembamba unaong'aa msizitumie, hazionekani vizuri machoni. Juu fundi wa nguo ashone utepe mweupe wenye upana wa sentimita tano kila upande.

Najua pingamizi. Mafundi wetu wengine hupima kwa jicho, na mtu aliyelipa mapema hana nguvu tena. Basi lipeni nusu. Nusu nyingine itolewe baada ya wavu kusimamishwa, kukazwa na kuachwa usiku kucha, kisha kupimwa katikati asubuhi. Ukiwa umeshuka, fundi anarudia. Hakuna muuzaji wa mtandaoni atakayekubali masharti hayo. Kwa mashindano rasmi, siku yakija, nitakubali wavu ulioidhinishwa. Kwa watoto wanaoanza, hapana.

Na anayeona aibu kuanza na kitu cha kuungaunga akumbuke mchezo huu ulikotoka. Mwaka 1965, katika kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walikuwa na uwanja wa zamani wa badmintoni lakini vifaa havikutimia. Wakaushusha wavu, na jirani yao Barney McCallum akakata vibao vya mbao.

Liko pia suala la wafadhili. Tangu Kanuni ya Madini irekebishwe mwaka 2018, makampuni ya migodi yanatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na migodi. Vifaa vya michezo vikiingia kwenye orodha hizo, jamii iombe agizo la nyavu ishirini kwa mafundi wa Ruashi au Kenya, si kontena. Tangu shule ya msingi ya umma itangazwe bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mpira mmoja wa miguu uani huishia miguuni mwa wavulana wakubwa. Wasichana wanasimama ukutani wakitazama. Wavu mmoja unachezesha wanne kwa wakati mmoja, na mchezo wa pointi 11 hauchukui muda mrefu kabla ya wanne wengine kuingia.

Jambo la mwisho la kumwambia fundi: ule mguu wa kati wa sentimita 86 aupake rangi nyekundu. Ndicho kipande kinachosahaulika uani mvua ikiwakimbiza watu, na bila hicho vingine vyote havina kazi.