Anayekuita Mashine Hakusifii

Kuna jamaa mmoja maarufu mitandaoni hapa Moshi, jina kapuni, alirusha klipu ya mgumu anapanda mlima na mzigo kichwani, begi mgongoni, jasho linamtiririka. Juu yake kaandika neno moja tu: "Mashine." Watu wakamwaga makopakopa na makofi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule kijana alikuwa amekula nini.

Waliomaliza Cyberpunk: Edgerunners wanajua neno hilo linakoishia. (Kama hujaiona ruka aya hii, utamu unaharibiwa.) Ni anime ya studio ya Trigger ya Japani, episodi 10, ilitoka Netflix Septemba 2022. Dogo anaitwa David, mama yake anajinyima kila kitu ili amsomeshe shule ya matajiri. Wanapata ajali, waokoaji wanafika, wanaona mama na mwana sio wateja wao, wanawaacha pale pale. Mama anafariki. David anapachikwa uti wa mgongo wa chuma, anapata spidi, kazi na washkaji. Kisha anaongeza chuma kingine. Na kingine. Anavyoongeza ndivyo anavyosifiwa, na akili inamtoka kidogo kidogo.

Wapo wanaoiponda, eti ni giza tupu na haituhusu. Haituhusu vipi, wakati hadithi ya msukule tumekua nayo? Mtu anazikwa, ndugu wanalia, kumbe yupo sehemu anatumikishwa usiku kucha, hasemi wala hachoki. Tofauti ni moja na ndiyo inayotisha zaidi: msukule anachukuliwa na mchawi, David anakubali mwenyewe. Tena kwa mapenzi ya mama yake.

Sasa twende mlimani. Kanuni inasema mgumu asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo inapimwa getini. Mizani ile haikuwekwa kwa urembo. Bila mizani 20 inakuwa 25, na mwenyewe hatabisha, maana nyumbani kuna ada ya mdogo wake, na nje ya geti la Machame wapo wenzake wanaosubiri nafasi hiyo hiyo. Huyo hajapachikwa chuma chochote. Ana shingo ya kawaida kama yako.

Jina la "wagumu" halina shida, wenyewe wanaitana hivyo na lina heshima ndani yake. Mgumu ni mtu. Mashine ikikwama unaagiza nyingine.

Cha kuchekesha, mwezi mmoja tu kabla anime hii haijatoka, Agosti 2022, TTCL walifikisha intaneti ya kasi mpaka Horombo, mita 3,720. Kwa hiyo leo mtu anaweza kubeba mzigo mchana na jioni akasoma simuni anavyoitwa roboti na watu waliolala Majengo.

Na hapo ndipo sifa zinapouma. Ukifika Barafu, zaidi ya mita 4,600, kichwa kikipasuka na matapishi yakaanza, dawa inayoaminika ni kushuka. Haichagui mgeni wala mgumu. Ila mgeni akisema anaumwa, anashushwa haraka. Kijana anayeitwa mashine akisema anaumwa, anaogopa safari ijayo asipangiwe. Basi anameza panadol mbili, anafunga kamba za mzigo, akiulizwa anajibu yuko freshi.